Skrini ya Kwanza

Niliileta Newala ikiwa imepigwa pasi,
programu yangu ya mizani ya korosho:
kurasa saba za kukaribisha,
mishale inayorukaruka,
kibonzo cha mkulima anayecheka bila sababu.

Bi Somoe Nampalala akaipokea simu
kama mtu anavyopokea mtoto wa jirani,
kwa uangalifu, na kwa hamu ya kumrudisha.

*Karibu*, ikasema skrini.
"Starehe," akaijibu.
Ikamtaka barua pepe.
Ikamtaka nywila: herufi nane, moja iwe kubwa,
na alama isiyopatikana katika jina la mtu yeyote.
Akaniangalia.
"Huyu anakaribisha, au anakamata?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Nikamwambia, basi tumia kidole, ni rahisi.
Akaweka dole gumba.
*Alama haijatambuliwa. Jaribu tena.*
Akalifuta kwenye kanga.
*Jaribu tena.*
Miaka kumi na tisa ya kubangua;
mafuta ya maganda yamekula mistari yote,
dole limebaki laini kama punje iliyomenywa.
Ghalani hulichovya hilohilo kwenye wino
na karani hajawahi kumuuliza yeye ni nani.

Alichotaka kilikuwa kimoja:
magunia yake manne ya Jumanne
yalisoma kilo ngapi?
Jibu lilikuwemo, ukurasa wa nane,
nyuma ya kibonzo.

Akaingia ndani, akatoka na kikombe cha maji.
Newala, ambako ndoo hupanda mlima
na bei yake hupanda nayo,
nilikunywa kwanza.
Jina la baba yangu aliliuliza baadaye,
kikombe kikiwa kitupu.

Usiku, gesti ya karibu na stendi,
nikafuta kurasa sita bila huruma.
Ya saba ilinishinda. Kile kibonzo
nilikichora siku kumi na moja,
kofia yake nikaibadilisha mara nne.
Nikakifuta saa nane na robo, mbu wakishuhudia.

Asubuhi ukiifungua
inauliza namba ya stakabadhi,
inakupa kilo.
Mengine yatapiga hodi yakihitajika.

Bi Somoe akabonyeza mara moja.
312.
Akanyamaza, midomo ikihesabu.
"Karani kaniandikia mia mbili tisini na nane."

Akaifunga simu kwenye pindo la kanga, fundo mbili,
akashika njia ya ghalani.

Simu ilikuwa yangu.
Nikamfuata.