Pete Pana

Keekee inaingia kwa zamu, mimi nusu, Nyemo nusu,
mpini umetuchubua viganja.
Podo inalia kidogo, kama kiti cha zamani
kikikaliwa na mtu mnene.
Tunachomoa kijiti chembamba kuliko penseli,
cha manjano, bado kina majimaji,
tunakivisha mrija wa kunywea soda
na kuandika: Rubeho, mti wa kumi na tisa,
upande wa mashariki.
Nyemo anaziba tundu, anapapasa gome.
"Pole," anauambia mti,
halafu ananitazama nisicheke.

Huku kwetu mvua ina mlango mmoja.
Hufunguliwa Desemba, hufungwa Aprili,
na kati ya hapo mti hula, hunenepa, hulala.
Mwaka mmoja, pete moja. Ndivyo tulivyofundishwa.
Mti wenyewe haukuhudhuria somo hilo.
Januari ikikausha wiki tatu
podo hudhani kiangazi kimeshafika,
hufunga hesabu, huchora mstari,
kumbe Februari inanyesha; daftari linafunguliwa upya:
pete mbili, mwaka uleule.
Na mwaka wa shida kabisa
huandika upande wa bondeni tu,
upande wa jabali kimya.
Ndiyo maana hatuamini mti mmoja.
Tunaita wa pili, wa tano, wa kumi na tisa,
tunawahoji kama mashahidi wa kesi ya mpaka
hadi mwongo ajikwae.

Dodoma Makulu, chumba cha nyuma.
Feni inahamisha joto kutoka ukuta huu hadi ule.
Nasugua kijiti kwa msasa mkali, kisha laini, kisha laini zaidi,
vumbi la mlima linanikaa kwenye nyusi.
Chini ya hadubini miaka inajipanga:
nyembamba, nyembamba, ya wastani,
nyembamba kama uzi wa buibui.
Hapo nikasimama.
Uzi huo naujua. Nyumbani una jina:
Mwaka wa Kutafuna Ngozi.

Lakini pete inayoufuata ni pana.
Pana kama punje ya uwele.
Mvua ilinyesha, tena ilinyesha kuliko mwaka jana na juzi.

Nikampigia Bibi Matika.
Bibi, nikasema, ninyi mnahesabu njaa miaka miwili,
mti unasema mmoja.
Nikasikia kuku wake, na mtu akitwanga.
"Huo mti wako," akasema, "ulikuwa na watoto?"

Kisha, taratibu, kama anayetoa mwiba:
"Kabla ya ngozi tulikula mbegu.
Mvua ilipokuja ilitukuta tumekaa mlangoni.
Tukaitazama ikipita shambani.
Shamba halikuwa na kitu cha kulowa.
Ndahani alikufa siku ya mvua, kaburi likajaa maji,
wakayachota kwa kibuyu ndipo wamlaze."

Akaniuliza kama nimekula.

Nimerudi kwenye hadubini.
Pete pana ipo palepale, haina kosa, haina aibu.
Ilipewa maji, ikanywa.
Kwenye jedwali kuna safu ya mwaka, safu ya upana,
na safu ya maelezo, ambayo Nyemo huijaza "ufa," "kuvu,"
au huiacha wazi.
Nimeandika milimita mbili na nusu.
Nikasogea safu ya tatu. Wino ukaanza kutua doa
kabla sijaamua.
*Mvua njema. Mbegu hakuna.*
Kesho Nyemo ataniuliza hicho ni kipimo gani.
Sijui nitamjibu nini.

Nje, juu ya Mlimwa, limesimama wingu la Novemba,
la kutishia tu.
Jirani anapepeta uwele kwenye ungo,
anachagua za kupanda, anazimimina debeni.
Mwanawe ananyoosha mkono, anataka kutafuna chache.
Kofi la vidoleni.
Mfuniko unabanwa kwa waya,
mara mbili, na mara ya tatu.