Ufunguzi wa Lumbesa

Nilipewa nyeupe. Ngome moja ilipotea mwaka juzi,
nafasi yake wameiziba kwa gunzi lililokatwa kwa kisu,
na Mwalimu Msanjila, mwamuzi, akatangaza
gunzi ni ngome, asiyetaka aseme sasa.
Bwalo la shule, Kikuyu. Upepo wa Dodoma
uliingia dirishani bila kuulizwa kadi,
ukafunua karatasi zetu za kuandikia hatua.

Chidosa, wa chuo kikuu. Miwani, kalamu mbili.
Funguzi anazijua kwa majina
hadi hatua ya kumi na tano, kama mtu anayetaja ukoo wake.
Mimi nina miaka kumi na mmoja mizanini, soko la Kibaigwa.
Ninajua kitu kimoja: bei ya kwanza si bei.
Ni hodi.

Nikabisha. Kitunda cha mfalme, miraba miwili.
Akajibu kwa kitunda cha askofu, upande wa malkia,
bila kuangalia, kama anayerudisha salamu njiani.
Basi nikamsogezea kingine, cha pembeni,
mdomoni kabisa:
nyongeza hiyo, mteja wangu, chukua.

Kalamu ikasimama.
Akanitazama mimi, si ubao.
Dakika tisa. Nje mtu anaburuta madawati.
Akala.

Hapo nikapakia. Farasi, maaskofu wawili, malkia juu yao,
na lile gunzi nikalikokota hadi katikati;
nikarundika upande wa mfalme wake
mpaka kilemba kikatokeza juu ya mdomo wa gunia,
nikashona kwa kamba.
Lumbesa. Imekatazwa, mizani huisengenya,
na kila mtu anaifunga.

"Shaha," nikasema. Na tena, "Shaha."
Jasho likamshukia kwenye fremu ya miwani.

Lakini lumbesa hupasukia mshononi.
Hatua ya thelathini na nne farasi akaenda,
askofu akamfuata,
ubao ukabaki mtupu kama soko magari yakishaondoka.
Na kule pembeni, nilikokusahau,
kitunda kilichokula nyongeza yangu
kilikuwa kimebakiza hatua tatu kiwe malkia.

Nilizihesabu kama magunia, kwa kidole, juu ya paja.
Tatu.
Mbili.

Nikamlaza mfalme. Mkono wa Chidosa ulikuwa wa baridi.
"Ule ufunguzi," akauliza, "unaitwaje?"
Nikamwambia.
Alicheka, kisha akaandika.

Gunzi niliondoka nalo mfukoni.
Mwalimu Msanjila bado ananidai ngome.