Kisanduku cha Saba

Fomu ina visanduku vinane.
Vitano vimeshajazwa, hakuna aliyeniuliza.
Vitatu vyangu. Mwisho Ijumaa, kwa Mwalimu Charo,
kwa wino, amesisitiza, kwa wino.

Leo Jumatano. Nina penseli.

Baba karudi kutoka Gongoni, chumvi imemganda nyusini.
“Kemia ndiyo inayotulisha,” anasema,
yeye ambaye hajawahi kukanyaga maabara
ila akichovya kidole na kulamba
anajua bwawa lipi litakauka kesho.

Mama anakuna nazi, anacheka:
“Kilimo? Jembe si lile nyuma ya mlango?
Nikulipie karo ukaonyeshwe mpini?”

Kaka Thoya alichukua Fizikia, ikamchukua yeye.
Sasa ana tuktuk, Maweni hadi sokoni,
na kila akiniona na fomu: “Usiguse hilo.”
Lakini taa ya mbele ikizimika
huchutama, akaufuata waya kwa kidole,
akinong’ona mkondo, ukinzani, volti,
kama anayetaja majina ya watu waliomwacha.

Nuswaiba kesha jaza: Historia, Dini, Biashara.
Anataka tukae dawati moja mpaka mtihani wa mwisho.
Kule Fizikia, anasema, wasichana ni wawili
na mmoja anahamia Kilifi.

Nami Historia naipenda, wallahi.
Muhula jana tulipelekwa kwenye nguzo ya Wareno.
Wenzangu wakanakili miaka.
Mimi nilikuwa nyuma, nakipima kivuli kwa hatua,
kumi na nne, nikangoja, kumi na tatu na nusu,
hadi basi likapiga honi mara tatu
na Mwalimu akaniita kwa jina la ukoo.

Ratiba haina huruma:
Historia na Fizikia, saa ile ile, vyumba viwili.

Nimeandika, nimefuta. Nimeandika, nimefuta.
Kisanduku cha saba kimekonda,
kisha kikatoboka.

Nikaiinua fomu mbele ya balbu nione hasara.
Nuru ikapenya, ikatua ukutani, duara dogo.
Nikairudisha karatasi nyuma kidogo: duara likanenepa.
Nikaisogeza karibu na ukuta: likasinyaa.
Nyuma tena. Mbele tena.

“Jumwa, zima taa, umeme si wa babako.”

“Naja, mama,” nikasema,
huku mkono mwingine ukipapasa mkobani
kutafuta rula.