Kipimajoto Namba Nne

Mwaka wa pili chuoni, Plovdiv, Julai inayeyusha lami,
nilipewa koti jeupe la mtu mnene
na ufunguo wa chumba kinachonuka maziwa.
Bwana Mincho, msimamizi, hakuniuliza jina.
"Mwanafunzi," alisema, "hapa hatusomi. Hapa tunanusa."

Miezi mitatu bila mshahara,
ila ndoo mbili za mtindi kila Ijumaa,
ambazo Ralitsa, mwenzangu wa chumba,
alizila kwa tango na kitunguu saumu
hadi akaapa hataki tena kuona kitu cheupe.
Nilijifunza kuwa maziwa yana hasira zake:
ukiyatia chachu yangali moto, umeiua;
ukichelewa, yamekununia.
Nilijifunza kuosha sakafu kuanzia pembeni,
na kusema "sijui" kabla pipa halijaharibika,
si baada.
Nilijifunza kuwa kipimajoto namba nne ni mwongo:
kinapunguza nusu nyuzi, kila siku nusu ileile.
Basi ni mwongo mwaminifu,
unaweza kufanya naye kazi.

Haya yote niliyaandika kwenye ripoti.
Mhadhiri akanipa sitini na moja,
na pembeni, kwa wino mwekundu: nadharia haitoshi.

Kisha joho, picha, mama yangu Stanka na viatu vinavyombana,
shahada ndani ya bomba la karatasi,
na Oktoba.

Oktoba ina tangazo moja tu, linabadilisha nguo:
anatakiwa kijana, mchangamfu,
mwenye uzoefu usiopungua miaka mitatu.
Kijana huyo alianza kazi lini, tumboni?
Wenye kisima wanataka uje umeshalowa.

Barua arobaini na tatu.
Saba zilijibiwa, mbili kati ya hizo kwa jina la mtu mwingine.
Moja ilisema, kwa adabu: mafunzo ya vitendo hatuyahesabu kuwa kazi.
Nikaikumbuka ile sakafu.
Iling'arishwa na nini, basi?

Mchana nilifunga zawadi katika duka la manukato.
Riboni nazo zina ufundi wake,
lakini sikuwa na mahali pa kuuandika.

Januari, Sofia. Treni ya saa kumi na moja alfajiri,
suti ya binamu, theluji ndani ya soksi.
Mezani watu watatu na chupa ya maji
ambayo hakuna aliyethubutu kuifungua.
"Tueleze mafanikio yako makubwa."
Nilitaka kusema: sijawahi kuua pipa hata moja.
Nikasema: "Nina moyo wa ushirikiano."
Ulimi ulikuwa wa tangazo, mdomo tu ndio wangu.
Aliyekaa katikati akatikisa kichwa.
Kwetu Bulgaria kichwa kikitikiswa ni ndiyo,
kikiinuliwa ni hapana, ndivyo walivyotulea.
Lakini kampuni ilikuwa ya kigeni,
na sikujua kichwa kile kilikuwa kimeajiriwa na desturi ipi.
"Tutakupigia," alisema.

Simu ililia Jumanne, nikiwa na riboni mdomoni.
Nikafuta mikono, nikakohoa, nikavaa sauti ya usaili.

"Mwanafunzi?"
Nyuma yake mashine zilikuwa zinanguruma.
"Kile kibovu ulikiweka wapi? Namba nne.
Hivi vipya vinatupikia uji, pipa la tatu leo."

"Droo ya chini, nyuma kabisa, nimekifunga kwa kitambaa.
Kikikuonyesha namba, ongeza nusu."

Akanyamaza. Nikasikia droo ikikwama, ikifunguka,
kitambaa kikifunuliwa.

"Unaitwa nani hasa?"

Nikamtajia. Akaniambia nirudie, polepole,
herufi moja moja, maana alikuwa anaandika.

"Zamu ya usiku. Mkataba wa miezi mitatu.
Hela ni kidogo, nakuambia mapema
usije ukasema sikukuambia. Unakuja?"

Mteja alikuwa anagonga kaunta kwa pete yake.
Sikujibu. Nilikuwa natikisa kichwa,
natikisa, natikisa,
kana kwamba ananiona.