Bushi ya Katikati

Wekhuli ameyaleta magurudumu begani,
moja huku, moja huku,
kutoka Korogocho hadi Kariobangi kwa miguu,
maana pikipiki iliyovuliwa haimbebi mtu.
Nataka dhahabu, anasema. Dhahabu hasa.
Jumamosi dada yake anaolewa
na bibi harusi hapandi kitu chenye kutu.

Rangi si kazi yangu. Rangi ni ya Kimotho
na tanuri lake lililowahi kuoka mikate:
digrii mia mbili, dakika ishirini,
unga unayeyuka unakuwa ngozi.
Lakini Kimotho hapokei gurudumu lenye matumbo.
Grisi ikipata moto hutapika,
sili za mpira huwa lami,
dhahabu yote ikaota malengelenge.
Matumbo ndiyo kazi yangu.

Nalilaza gurudumu juu ya tairi kuukuu.
Nabandua sili kwa bisibisi, inatoka na mchanga wa Outering.
Naingiza kidole kitovuni, nazungusha beringi:
inakwaruza
kama mtu anayesaga meno usingizini.
Kidole husikia kabla ya sikio.

Kuitoa kuna adabu yake.
Kati ya beringi na beringi hukaa bushi,
bomba fupi lisilosifiwa na mtu,
linalozizuia mbili zisisongane ekseli ikikazwa.
Unaisukuma kando kidogo kwa patasi butu
upate ukingo wa kugonga.
Pasha kitovu moto kwanza; alumini hutanuka mapema, chuma hujivuta.
Kisha gonga hapa, gonga ng'ambo,
hapa, ng'ambo,
ukiegemea upande mmoja itakwama imepinda,
kitovu kitapasuka, na utalipa.
Gonga.
Ikadondoka, tang! Gololi tatu
zikabingirika hadi chini ya meza ya Mutheu wa chapati.

Halafu ikadondoka bushi.
Haikuwa bushi.
Kilikuwa kipande cha bomba la maji,
kimekatwa kwa msumeno wa mkono,
ncha moja imekwenda mshazari
kama aliyekata alikuwa akitazama mlangoni.
Nikapima: milimita tatu pungufu.
Nikaugeuzia mwanga ule mkato,
na mkono wangu ukautambua kabla yangu.

Miaka minane. Mwanagenzi wa Ndolo, kule Grogan.
Bushi ilinitoka vidoleni ikaingia mtaroni.
Nikaogopa kofi. Nikakata bomba, nikakaza nati,
nikapaka grisi nyingi, grisi nyingi mno.
Sijui pikipiki imepitia mikono mingapi tangu hapo.

Hizi beringi, anasema Wekhuli,
kila miezi minne zinaniishia.
Nimezoea. Ni hizi barabara zetu.
Barabara, nikasema.

Usiku ule beringi mpya zililala kwenye friza ya Nasimiyu,
kati ya omena na maziwa ya mtu,
zisinyae kidogo kwa baridi.
Anyona akanikerezea bushi,
mia sita, mfukoni mwangu.
Ijumaa magurudumu yakarudi yanawaka
hata mbwa wa gereji akayabwekea.

Beringi ya kwanza: nagonga pete ya nje tu,
ukiigonga ya ndani umeiua kabla haijazaliwa.
Kisha bushi.
Kisha nikatoa kidole, nikachungulia, nikahakikisha bushi.
Kisha ya pili.
Nikazungusha. Kimya.
Kimya kirefu, mpaka Wekhuli akauliza kama limekwama.

Pesa ngapi?
Beringi ni bei ile ile.
Na kazi?
Nikafuta mikono kwa tambara, nikaendelea kuifuta.
Kazi, nikasema, ina deni lake la zamani.
Akacheka. Akadhani ni zawadi ya harusi.
Akanishika mkono, ule ule.

Kile kipande cha bomba nimekitundika kwa waya juu ya jiriwa.
Mwanagenzi wangu ameuliza ni cha nini.
Nimemwambia akipime.