Mai

Siku ya pili, baada ya chai ya saa nne,
mtoa mada alipofika slaidi ya arubaini na moja,
Ntinyari aliandika kwenye karatasi ya kufutia mikono: Tutoke.
Tukatoka mmoja mmoja, kama wenye haja,
watu wanne wa maji kutoka kaunti nne,
tusiojuana ila kwa vitambulisho vya shingoni.

Tulisahau kuvivua.
Basi kila daka tulilopita watoto walitusoma kwa sauti:
“E-ki-dor Lo-chu-ka! Mka-gu-zi wa Vi-si-ma!”
Mmoja akaniuliza kama Mghoi ni jina au ni cheo.
Punda akatubana ukutani na shehena yake ya mawe,
hakugeuka hata kutuomba radhi;
chokaa ya Lamu ingali begani mwa koti langu.

Mkobani nilikuwa na kipimo cha chumvi.
(Wengine husafiri na picha za watoto.)
Tukapima bomba la hoteli. Tukapima, kwa ruhusa, birika la msikiti.
Tukapima ukwaju wa mama mmoja
aliyedhani tumetumwa na idara ya afya
akaapa mara tatu, mkono juu ya jagi, kwamba ameyachemsha.
Ndipo Shee, fundi bomba, akatucheka kutoka kizingitini:
“Mwapima mwisho wa safari.
Mai yetu yatoka mtangani. Twendeni Shela.”

“Na hiyo ‘j’,” akauliza Jepkemoi, “mwaipeleka wapi?”
“Tumeinywa.”

Maji yalikuwa yamekupwa. Tulishika njia ya ufukweni, viatu mkononi,
Ntinyari akilalamikia mguu, kisha jua, kisha bosi wake.
Tulipita majumba mapya yenye mabwawa ya samawati.
Shee aliyahesabu kwa kidole, akafika kumi na ngapi sijui,
akanyamaza.

Halafu vilima vya mchanga. Juu yake, mbingu basi.
Jepkemoi, mtoto wa ukungu wa Iten,
akazunguka akitafuta uzio, pampu, chochote.
“Tenki liko wapi?”
“Umelikanyaga,” akasema Shee.
Mvua huingia humu, akatueleza, ikatulia
juu ya maji ya chumvi kama mafuta juu ya mchuzi.
Ukivuta kwa pupa, mchuzi hupanda.

Ekidor alikuwa hajasema lolote tangu Jumatatu
ila “nipitishie sukari.”
Akavua saa. Akapiga magoti.
Akaanza kuchimba kwa kitambulisho chake,
jina likiingia kwanza, kisha kiwiko, kisha bega,
hata shavu likalala mchangani
kama la mtu anayesikiliza mlangoni.
“Mama alichimba hivi lagani,” akaambia mchanga.
“Mimi nikiwa mgongoni. Nilikuwa naona kisogo chake tu.”

Akatoa ngumi, akaifungulia kiganjani mwangu.
Mchanga mweusi, baridi,
unyevu kidogo tu, kama pua ya ndama.
Maji hatukuyapata, wala hatukuyatarajia.
Nilikizima kipimo.

Jioni tulirudi kusaini mahudhurio.
Mwenyekiti akataka neno kutoka kaunti kame.
Ekidor akasimama, mkono mmoja mweupe kwa mchanga hadi begani:
“Slaidi ya arubaini na moja,” akasema, “sikuiona.”
Akaketi.

Kundi letu la simu tuliliita Mai.
Juma la kwanza jumbe mia na ushee;
la pili, salamu za Ijumaa na tangazo la mkopo;
kisha kimya, kama ilivyo ada ya makundi.

Mwezi wa tisa, usiku,
mabomba ya Wundanyi yakikohoa upepo,
picha ikaingia kutoka Lodwar:
shimo, mkono, mchanga uliokoza rangi. Bila neno.

Shee ndiye aliyetangulia kujibu.
“Sindika,” aliandika. “Bado kidogo.”