Meno Ishirini na Mbili

Fundi Chipoka hakuniuliza nataka gia gani.
Aliuliza, "Huwa unashukia wapi?"
Nikamwambia: kwenye kalavati la pili
ukitoka Kitangari kupanda Newala,
penye changarawe, ambapo wanafunzi hunipita
na shikamoo yao ya huruma.
"Na mzigo?"
Kiroba cha ming'oko. Msimu ukikubali, viwili.
Na Somoe, akikataa kubaki.

Akalilaza gurudumu juu ya gunia.
Habu yake ina nyuzi kushoto na kulia,
kila upande na friwili yake:
ukichoshwa na hii, legeza nati, geuza.
"Kama chapati," akasema kijana wake,
akacheka peke yake.

Likomba, mume wangu, alishaagiza kumi na sita.
Chini ya hapo, ati, ni baiskeli ya kwenda, juu ya hapo ni ya wagonjwa.
Kumi na sita ni ya lami ya Masasi,
upepo mgongoni, mikono mitupu.
Aipande yeye, na ming'oko yangu nyuma,
nimsubiri kwenye kalavati.

Fundi naye akagusa meno yasiyo na friwili,
akajijibu kabla sijafungua mdomo:
hapana, mteremko ule utakuzungusha miguu
kama cherehani wiki ya Idi.

Basi tukahesabu. Mbele, arobaini na nne.
Nyuma, ishirini na mbili:
pedali mara moja, gurudumu mara mbili,
hakuna chenji.
Nikataka ishirini na nane.
Akanionyesha uma: nafasi ya ekseli, vidole viwili.
Meno yakipishana mno, huku mnyororo unabana,
kule unaning'inia kama mkufu wa kuazima.
"Kumi na nane kwa tambarare, ishirini na mbili kwa mlima.
Ukitaka zaidi, nunua miguu."

Jumamosi. Kalavati la kwanza.
La pili.
Nilikwenda taratibu hata kuku
walinikatiza bila kuharakisha.
Wanafunzi wakanipita vilevile,
ila mmoja aligeuka kutazama nyuma, mara mbili.

Kona ya mwisho nilishuka, nisiseme uongo.
Hatua arobaini hivi.

Juu, penye tambarare, nikafungua fundo la kanga,
nikatoa spana badala ya pesa.
Somoe akashika nati kwa mikono yote miwili
kama yai.
Grisi ilimganda hadi jioni,
akakataa kunawa.